Lifichwe Jina, Isifichwe Hoja: Maoni kuhusu Tathmini ya Makala katika Majarida ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa nyani haoni kundule. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mtu anayeziona aibu za wenzake huku zake zikimpita, lakini inalo funzo pia kwa mwandishi wa kitaaluma. Mtu aliyekaa na makala yake miezi sita, akayaandika, akayafuta na kuyaandika tena, hufika mahali ambapo macho yake hayaoni tena kilichomo katika ukurasa. Huona alichokusudia kukisema. Pengo lililo katika hoja hulijaza kichwani bila kujua kwamba msomaji hana kichwa hicho. Ndiyo maana anahitaji jicho la mwingine.

Katika uchapishaji wa kitaaluma, jicho hilo limewekewa utaratibu rasmi. Makala hayachapwi mpaka yasomwe na wanataaluma wengine wenye ujuzi wa uwanja uo huo. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo hana budi kuufahamu utaratibu huu, kwa kuwa vyuo vyetu vingi sasa humtaka mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aonyeshe makala yaliyochapishwa, au yaliyokubaliwa, katika jarida lenye utaratibu huo kabla ya kuhitimu. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuelezwa darasani jinsi unavyofanya kazi. Tunaujua kwa kuumizwa nao tu.

Makala haya yana nia tatu. Kwanza, kueleza utaratibu wenyewe na chimbuko lake. Pili, kutetea ufichaji wa majina, ambao baadhi ya wenzetu wameanza kuutilia shaka. Tatu, kushikilia kwamba katika majarida yetu kinachofichwa mara nyingi si jina peke yake bali na hoja pia, na kwamba huko ndiko tunakoharibikiwa.

Jina la dhana

Tuanze na istilahi, kwa kuwa jina la kitu huelekeza jinsi kinavyofikiriwa. Wako wanaosema "mapitio ya rika". Rika, kwa matumizi yetu ya kawaida, ni watu wa umri mmoja, waliopashwa tohara au kutiwa jandoni pamoja. Katika taaluma, umri si hoja. Msomaji anaweza kuwa profesa wa miaka sitini na mwandishi akawa kijana aliyehitimu jana. Kinachowaunganisha ni ujuzi wa jambo linaloandikwa. Wako pia wanaosema "uhakiki wa wenza". Neno uhakiki tayari limebeba mzigo wa kutosha katika fasihi, na si vyema kulitwisha mwingine. Neno wenza nalo lina vituko vyake: Mswahili akilisikia haraka hukumbuka ukewenza, na ukewenza una wivu wake. Pengine hilo si kosa kubwa, kwani wivu nao haukosekani katika shughuli hii.

Hapa nitatumia "tathmini ya wanataaluma wenza", au "tathmini" kwa ufupi, na anayeifanya nitamwita mtathmini. Anayetaka neno jingine na alete. Istilahi hukua kwa kujaribiwa.

Safari ya makala

Makala yanapofika katika meza ya mhariri, jambo la kwanza ni mhariri mwenyewe kuyasoma. Hutazama kama yanahusu uwanja wa jarida, kama yamefuata mwongozo wa uandishi, na kama yana dai lolote linalostahili kuchunguzwa. Yasiyofaa hurudishwa hapo hapo. Yanayofaa huondolewa jina la mwandishi, jina la chuo chake na shukrani zake kwa msimamizi, kisha hupelekwa kwa watathmini, aghalabu wawili. Hawa husoma kila mmoja kivyake na kuandika ripoti. Pendekezo lao huwa mojawapo ya manne: yachapishwe yalivyo, yachapishwe baada ya marekebisho madogo, yafanyiwe marekebisho makubwa na kusomwa tena, au yakataliwe. Wakitofautiana sana, mhariri hutafuta mtathmini wa tatu au hukata shauri mwenyewe.

Mambo mawili hapa hayaeleweki vyema kwa wanafunzi wengi. La kwanza ni kwamba mtathmini hushauri tu. Anayeamua ni mhariri. Mhariri anayesema "watathmini wamekataa" kana kwamba yeye ni tarishi ameukimbia wajibu wake. La pili ni kwamba mtathmini, kwa kawaida, halipwi. Husoma usiku, baada ya kusahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi, na jina lake halitajwi popote. Anayelalamikia ucheleweshaji, nami ni mmoja wao, sharti alikumbuke hili kabla ya kupaza sauti.

Utaratibu huu umetoka wapi?

Wengi hudhani kwamba tathmini hii ni kongwe kama taaluma yenyewe. Sivyo. Jarida la Philosophical Transactions lilianzishwa London mwaka 1665, na kwa miaka mingi uamuzi wa nini kichapwe ulikuwa mikononi mwa katibu, Henry Oldenburg, aliyefuata busara yake mwenyewe. Desturi ya kupeleka makala kwa wasomaji wa nje ilikua polepole, hasa katika karne ya 19 na ya 20. Jarida la Nature, lililoanza mwaka 1869 na ambalo leo hutajwa kama kilele cha sayansi, halikuifanya tathmini ya nje kuwa sharti la kila makala hadi mwaka 1973. Kwa hiyo tunazungumzia chombo kilichoundwa na watu kwa haja zao, na kilichoundwa na watu kinaweza kurekebishwa na watu.

Sisi watu wa Kiswahili tunayo historia yetu ya jambo hili, nayo haihitaji kuazimwa London. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Makoloni ya Afrika Mashariki, iliyojumuisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vilivyokusudiwa kutumiwa shuleni na kuipa ithibati ile iliyoafiki Kiswahili sanifu, yaani kile kilichojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kamati hiyo hiyo ilikuwa na taarifa yake ya mara kwa mara, ambayo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ndiyo jarida tunalolijua leo kwa jina la Kiswahili. Mwaka 1964 urithi wa Kamati uliingia katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2009 imo ndani ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Kamati ilifanya kazi ambayo matunda yake tunayala hadi sasa: hijai moja, kamusi, na vitabu ambavyo mtoto wa Machakos na mtoto wa Tabora wangeweza kuvisoma sawasawa. Lakini katika miaka yake ya mwanzo, waliokaa kuamua Kiswahili kipi ni sahihi walikuwa wageni wa lugha hiyo. Malalamiko ya watu wa Mombasa na Lamu, wenye ushairi uliotangulia Kamati kwa karne nyingi, hayajaisha hadi leo. Funzo lake ni kwamba anayetathmini hushika rula, na rula yenyewe ilichongwa na mtu. Swali la kwanza la haki katika tathmini ni hili: rula hiyo imetoka wapi, na je, mwenye kupimwa anaruhusiwa kuiona?

Kwa nini jina lifichwe?

Baadhi ya wenzetu husema kwamba kuficha majina ni unafiki. Uwanja wetu ni mdogo, wanasema. Anayeandika kuhusu tendi za Lamu kwa mkabala fulani anajulikana. Anayeandika kuhusu riwaya ya majaribio anajulikana. Na mwandishi mwenyewe hujifichua anapojirejelea mara saba katika kurasa kumi. Ni kweli. Hata hivyo, pazia lenye tundu si sawa na kutokuwa na pazia.

Mwaka 1982, Douglas Peters na Stephen Ceci walichapisha matokeo ya jaribio lililozua mjadala mkubwa huko Marekani. Walichukua makala 12 ya saikolojia yaliyokwisha kuchapishwa na watu wa vyuo maarufu, wakabadilisha majina ya waandishi na kuweka ya kubuni, wakabuni na taasisi zisizojulikana, kisha wakayapeleka tena katika majarida yale yale yaliyokuwa yameyachapisha. Ni makala 3 tu yaliyotambuliwa. Kati ya 9 yaliyobaki, 8 yalikataliwa, na sababu iliyotolewa mara nyingi ilikuwa udhaifu mkubwa wa mbinu za utafiti. Mtu anaweza kubishana kuhusu tafsiri ya jaribio hilo, lakini ni vigumu kukwepa shaka kwamba jina la chuo lilikuwa limesoma makala kabla ya msomaji. Kwa mwanafunzi wa chuo kichanga cha kaunti asiye na jina wala mjomba katika taaluma, kufichwa kwa jina ndiyo nafasi pekee ya kusomwa kama mtu yeyote mwingine.

Jina la mtathmini nalo lina sababu ya kufichwa. Mwaka 1936, Albert Einstein na mwenzake Nathan Rosen walipeleka makala kuhusu mawimbi ya mvutano katika jarida la Physical Review. Walidai kwamba mawimbi hayo hayapo. Mhariri, John Tate, aliyapeleka makala kwa mtathmini, naye akaandika ripoti ya kurasa kumi akionyesha kosa. Einstein alikasirika. Alimjibu mhariri kwamba hakumruhusu kuwaonyesha wataalamu makala yake kabla hayajachapwa, akayaondoa, na baadaye akayapeleka kwingine. Lakini yalipotoka mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limegeuzwa. Kosa lilikuwa limeonekana. Miaka mingi baadaye ilithibitishwa kwamba mtathmini yule alikuwa Howard Percy Robertson.

Kisa hiki kina mafunzo mawili, na yote ni mhimili wa maoni yangu. La kwanza, kusitirika kwa jina kulimwezesha mtu kumwambia mwanasayansi mashuhuri kuliko wote duniani kwamba amekosea. La pili, hakumwambia "umekosea" na kunyamaza. Alimwandikia kurasa kumi. Jina lilifichwa, hoja haikufichwa.

Kwa nini hoja isifichwe?

Sasa tutazame hali ilivyo kwetu. Ripoti ya kwanza niliyowahi kupokea kutoka katika jarida moja la kitaaluma ilikuja baada ya miezi kumi na minne. Ilikuwa na sentensi mbili, tena kwa Kiingereza, ilhali makala yalikuwa ya Kiswahili tangu ikisiri hadi tamati. Ya kwanza ilisema kwamba nadharia haikutumiwa ipasavyo. Ya pili ilisema kwamba makala hayafai. Nilitamani sana kujua nadharia ilikosewa wapi: je, ni katika kuielewa mihimili yake, katika kuichagua, au katika kuioanisha na matini? Hayo ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Sikuambiwa. Wenzangu wengi niliozungumza nao wanazo ripoti za namna hiyo, na baadhi yao hawakuandika tena.

Sisi tunaoishi Kyumbi, pale barabara ya kwenda mjini Machakos inapoachana na barabara kuu ya Mombasa, huyaona malori mchana na usiku yakielekea Nairobi. Kabla ya kuingia jijini, lori hupandishwa mizani huko Athi River. Dereva aliyezidisha mzigo haambiwi tu kwamba lori lake halifai. Huambiwa ni ekseli ipi iliyozidi na kwa kilo ngapi, na hupewa karatasi yenye tarakimu hizo. Anaweza kukasirika, lakini anajua apunguze nini. Ikiwa mzigo wa saruji unapewa maelezo, itakuwaje mzigo wa fikra unyimwe?

Madhara ya ripoti zisizo na hoja hayaishii kwa mwandishi mmoja. Mwanafunzi aliyebanwa na muda wa kuhitimu, akasubiri mwaka mzima na kupata sentensi mbili, huanza kusikiliza barua za majarida walaghai. Haya humwahidi kuchapisha makala yake baada ya siku chache ili mradi alipe ada. Mwaka 2013, mwanahabari wa sayansi John Bohannon aliandika makala ya uongo yenye makosa ambayo mtathmini yeyote makini angeyaona, akayapeleka katika majarida 304 ya mtandaoni. Majarida 157 yaliyakubali. Tukiacha mlango wa mbele umefungwa bila maelezo, tusishangae watu wakipitia dirishani. Na anayepitia dirishani leo ndiye atakayekuwa mhadhiri kesho, akiwasimamia wengine kwa ujuzi ambao haukupimwa na mtu.

Lugha ya ripoti nayo si jambo dogo. Tunadai kila siku, katika makongamano na katika mihadhara, kwamba Kiswahili kinaweza kubeba taaluma yoyote. Kisha tunapofika mahali pa faragha, pale tunapopimana ujuzi sisi kwa sisi, tunakivua na kuvaa Kiingereza. Lugha ya tathmini ina msamiati wake: dai, ushahidi, upungufu, ukinzani, uwakilishi wa data, mantiki ya hitimisho. Msamiati huu haukui kwa kuorodheshwa katika kamusi. Hukua kwa kutumiwa. Kila ripoti inayoandikwa kwa Kiingereza juu ya makala ya Kiswahili ni fursa iliyopotea ya kuukuza.

Kutokubaliana na kutothibitishwa

Yapo makosa mawili ambayo mtathmini anaweza kuyachanganya, nayo yanapaswa kutenganishwa kama pumba na mchele. Kosa la kwanza ni mwandishi kutothibitisha dai lake. Hilo ni kosa la kweli, na makala yenye kosa hilo yarudishwe. La pili ni mwandishi kudai jambo ambalo mtathmini halipendi. Hilo si kosa.

Historia ya ushairi wetu inatosha kuwa shahidi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, ilizuka mitazamo miwili mikali. Upande mmoja ulishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si ushairi wa Kiswahili. Upande wa pili ulishikilia kwamba ushairi hauwezi kufungwa katika arudhi peke yake. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walikuwa miongoni mwa waliolitetea wazo hilo kwa tungo na kwa nadharia. Mjadala huo ulifanyika hadharani, vitabuni na magazetini, na kila mmoja aliweka jina lake. Leo hakuna mtaala wa fasihi ya Kiswahili unaoweza kuupuuza upande wowote. Sasa tujiulize: lau kazi zile zingalipelekwa kimyakimya kwa wasomaji wawili, wote wakiwa wa upande wa arudhi, na wakaruhusiwa kujibu kwa sentensi mbili, je, mjadala ungalikuwapo?

Hii ndiyo hatari iliyomo katika kila tathmini ya siri isiyo na hoja. Huwa mlinzi mzuri wa yanayojulikana na adui wa yanayochipuka. Mtathmini anapolazimika kuandika sababu zake, hulazimika pia kujiona mwenyewe. Akiandika "sikubaliani", ataona wazi kwamba hilo halitoshi. Itambidi aendelee, "kwa kuwa ushahidi wa ukurasa wa sita unapinga dai la ukurasa wa pili". Na akishindwa kuendelea, pengine atatambua kwamba tatizo si la mwandishi.

Je, majina yawekwe wazi?

Msomaji makini atauliza: ikiwa kujibizana kwa majina kumetujenga hivyo, kwa nini tusiyafichue majina ya watathmini pia? Swali hili ni la haki. Lipo jarida kubwa la tiba la Uingereza, BMJ, lililoanza mwaka 1999 kuwataka watathmini watie saini ripoti zao, na halikufa kwa hilo. Aidha, sisi tuna desturi ya kale ya malumbano ya washairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na wapinzani wake waziwazi katika karne ya 19, na kurasa za mashairi katika magazeti kuanzia Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ziliiendeleza ada hiyo ya mtu kujibu kwa jina lake.

Jibu langu ni kwamba malumbano na tathmini ni vitu viwili. Mshairi anayejibu hadharani anajibu kazi iliyokwisha kutoka, na anajibu akiwa na nguvu sawa na za mwenzake, kwani wote wawili wana ukurasa. Mtathmini husoma kazi ambayo bado haijatoka. Katika uwanja mdogo kama wetu, anayesomwa leo anaweza kuwa mtahini wa nje wa tasnifu ya mtathmini kesho, au mjumbe wa jopo litakaloamua kupandishwa kwake cheo kesho kutwa. Mhadhiri kijana atakayetakiwa kutia saini chini ya ripoti inayomkosoa mwalimu wa mwalimu wake atafanya mojawapo ya mawili: atasifu asichokiamini, au atakataa kusoma. Heshima kwa wakubwa ni pambo la utamaduni wetu, na sitaki tuivunje. Lakini heshima hiyo haipaswi kugeuzwa kinga ya hoja dhaifu. Kufichwa kwa jina ndiko kunakotuwezesha kuwa na vyote viwili, adabu na ukweli.

Malumbano nayo yana nafasi yake, nayo ni baada ya kuchapishwa. Majarida yetu yangefanya vyema kutenga kurasa za majibu, ambamo msomaji yeyote anaweza kuyajibu makala ya toleo lililopita kwa jina lake, na mwandishi akapewa nafasi ya kujitetea. Tathmini ya siri ni mlango tu. Mjadala wa wazi ndio baraza.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, napendekeza mambo matano ambayo hayahitaji fedha za mfadhili.

Mosi, kila jarida liwape watathmini wake maswali manne na kukataa ripoti isiyoyajibu: Makala yanadai nini? Ushahidi uliotolewa unatosha kulibeba dai hilo? Ni kazi zipi muhimu zilizoachwa? Mwandishi afanye nini, na katika ukurasa upi? Ripoti ya namna hii yaweza kuwa ya ukurasa mmoja. Najua mzigo wa wahadhiri wetu, na siombi kurasa kumi za Robertson. Naomba sababu.

Pili, jarida litangaze muda wake na kuuheshimu. Ikiwa ni miezi minne, na iwe minne. Ikipita, mhariri amwandikie mwandishi mstari mmoja kumweleza. Mtathmini asiye na nafasi akatae mapema, kwani kukataa mapema si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kuyakalia makala mwaka mzima.

Tatu, makala ya Kiswahili yatathminiwe kwa Kiswahili.

Nne, kila juzuu lichapishe mwishoni orodha ya wote waliosoma kwa ajili yake, bila kusema nani alisoma nini. Siri ya kila ripoti itabaki, lakini jamii ya wasomi itajua ni nani waliofanya kazi, na wao watapata shukrani wanazostahili. Orodha hiyo itatuonyesha pia kama majina ni yale yale matatu kila mwaka, tena ya chuo kimoja.

Tano, na hili linatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja, majarida ya vyama vyetu yawe kitalu cha watathmini. Hakuna anayezaliwa akijua kusoma kazi ya mwenzake kwa haki. Tunafunzwa kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, lakini hatufunzwi kuandika ripoti ya ukurasa mmoja kuhusu makala ya mtu aliye hai atakayeisoma na kuumia au kupona. Kila mwanafunzi wa uzamili apewe makala mawili kwa mwaka yasiyo na majina, aandike ripoti kwa kufuata maswali manne yale, na mhadhiri mmoja aisome ripoti hiyo kabla haijamfikia mwandishi. Kazi hii haitagharimu chochote zaidi ya muda, na baada ya miaka mitano tutakuwa na kizazi cha watathmini waliofunzwa, badala ya kizazi kinacholipa wengine machungu kiliyolipwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba tathmini ya wanataaluma wenza si amri iliyoshuka na taaluma, bali ni chombo chenye historia, na kwamba historia hiyo, London na Dar es Salaam vilevile, inatufunza kuiuliza rula kabla ya kupima. Nimetetea kufichwa kwa jina la mwandishi, kwa kuwa humlinda mdogo asihukumiwe kwa udogo wake, na kufichwa kwa jina la mtathmini, kwa kuwa humlinda asemaye kweli. Lakini ulinzi huo una bei, na bei yake ni hoja. Aliyesitiriwa jina amepewa mamlaka makubwa bila kuulizwa na mtu. Kitu pekee kinachoweza kuyafanya mamlaka hayo yawe ya haki ni sababu zilizoandikwa wazi, kwa lugha tunayoijenga, na kwa wakati.

Kwa wahadhiri wetu wanaosoma makala usiku bila malipo, tunasema ahsante. Tunawaomba jambo moja tu. Mnapoyakataa makala yetu, tuambieni kwa nini. Mengi yatastahili kukataliwa, nasi tunalijua hilo. Mwanafunzi aliyekataliwa kwa sababu hurudi mezani kuandika. Aliyekataliwa bila sababu huenda asirudi tena, na Kiswahili hakina wasomi wa kupoteza.